Natto ndani ya Soksi

Urasawa, 24 Novemba 1957

Mume wangu Eikichi, mpenzi wa roho yangu,

Usinicheke kwa kuanza hivyo. Kabla ya kuandika nimejaza pembe ya gazeti kwa maneno "mume wangu, mume wangu", kuyazoea tu. Bado yananitia haya, na bado yananifurahisha hadi Mama akaniuliza, "We mtoto, unachekea makaa?"

Ulipoondoka kwenda kupika pombe huko Musashi, nilisimama njiani hadi kofia yako ikapotea. Kisha nikarudi nikafagia chumba chetu, na katika kufagia nikaona kwamba sitaki kufagia, kwa sababu vumbi lile nalo lilikuwa limekaa na wewe. Nikaliacha kidogo kwenye kona. Mama akilikuta atasema ameletewa mkwe mvivu.

Nilipokuwa sekondari, Mwalimu Nogiwa alituandikia ubaoni msemo huu: ichijitsu senshu. Siku moja, vuli elfu. Alisema mtu anayemngoja ampendaye huiona siku moja ndefu kama miaka elfu. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona vuli? Mbona si machipuko, yenye maua?" Akanijibu kwamba vuli ndiyo mavuno, na mkulima huhesabu miaka kwa mavuno, kuona vuli moja ni kuishi mwaka mmoja. Akasema msemo ulizaliwa Uchina, zamani za kale, na huko walisema vuli tatu tu. Kadiri ulivyopita mdomo hadi mdomo mpaka ukafika kwetu, tatu zikaonekana hazitoshi. Zikawa elfu.

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilidhani watu wa kale walikuwa waongo. Sasa najua walikuwa wameolewa na wapishi wa pombe.

Niandikie. Niandikie hata kama ni kuniambia umekula nini.

Mkeo,
Fusae

*

Kiwanda cha Hanabusa, Musashi
2 Desemba 1957

Mke wangu Fusae,

Nimekula wali, supu ya figili na samaki wa chumvi. Umeniambia nikuambie.

Barua yako ilifika tukiwa tunakula, na Yahei, mume wa jirani yetu Kimi, akaninyang'anya akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Alipofika kwenye vuli elfu akapiga meza. "Elfu! Eikichi, mkeo alifundishwa hesabu na nani?" Nikamwambia, "Wako akikuandikia huuliza tu utarudi na nini." Wakacheka hadi Mzee Kuramochi, mkuu wetu, akakohoa. Mzee akikohoa, kila mtu huinua bakuli lake na kunyamaza.

Nina habari njema. Nilidhani mwaka huu tena nitaosha mchele. Lakini juzi Mzee alinishika mikono, akainusa, akaitazama kucha kwa kucha, akasema, "Wewe, ingia ndani." Ndani ni chumba cha koji, Fusae! Humo ndimo mchele uliopikwa kwa mvuke unapoota ukungu wake mtamu, na bila huo hakuna pombe. Kuna joto la kiangazi, tunafanya kazi vifua wazi huku nje barafu. Koji ikikubali hunuka kama njugu za mlimani zinazochomwa. Baba yangu alifanya kazi chumba kama hiki hadi mwisho wake. Mwambie Mama. Najua atajifanya hajasikia, kisha ataenda kulia jikoni.

Msemo wako ni mzuri. Ila mtu wa Urasawa huondoka nyumbani vuli. Nikisikia vuli elfu naona mabegi elfu mlangoni. Nipunguzie. Zile tatu za Wachina zinatosha.

Eikichi

*

Urasawa, 11 Desemba 1957

Mume wangu, fahari yangu, mtu wa chumba cha koji!

Mama alijifanya hajasikia. Kisha akaenda jikoni. Nilimpa muda, nilipoingia akasema ni moshi.

Theluji imefika madirishani. Wanaume wote wako kwenye viwanda, kwa hiyo mapaa tunayapanda sisi. Mimi nimepanda letu leo na koleo, nimevaa suruali yako ya kazi, na nakiri kwamba nilipanda kwa haraka ili niivae. Kimi alikuwa juu ya paa lake. "We bibi harusi!" akaniita. "Shika vizuri, ukianguka theluji itakuoa!" Nikamjibu nimeshaolewa, tena na mtu wa koji. Akasema, "Ehe, leo hatutalala kwa majigambo yako!"

Natuma mzigo mdogo. Ndani kuna soksi za sufu, amefuma Mama. Lakini sikiliza. Ingiza mkono ndani ya soksi ya kushoto, hadi kwenye vidole. Hapo nimekufichia kitu, na Mama hajui, maana ataniona mtoto anayelilia kwao. Mama alipokwenda kumsaidia dada yake kuondoa theluji, nilichemsha soya, nikazifunga moto moto ndani ya mabua ya mpunga, nikazizika kwenye shimo la theluji jinsi tunavyofanya kwetu ng'ambo ya mlima. Natto ya theluji, soya zilizochachuka! Nilipozifukua zilikuwa na nyuzi ndefu kama nywele. Bibi yangu alikuwa akisema mke hajawa mke hadi mumewe ale natto ya mikono yake. Tuliishi pamoja wiki chache tu na ilikuwa bado vuli, sikupata nafasi.

Ule peke yako. Usimpe Yahei hata punje.

Fusae wako

*

Musashi, 22 Desemba 1957

Fusae,

Mzigo umefika. Soksi zina joto, mshukuru Mama.

Ile nyingine nimeila. Ilikuwa tamu sana. Usitume chakula tena, huku wanatulisha vizuri.

Kazi ni nyingi.

Eikichi

*

Urasawa, 4 Januari 1958

Mume wangu,

Heri ya mwaka mpya. Tumekula keki za mchele na lile bakuli lako tumelijaza tukaliweka mahali pako. Mama aliongea nalo. Mimi niliona haya, nikangoja aende kulala, kisha nikaongea nalo zaidi yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na haikuchukua muda. Nimekukosea? Herufi zako zimekuwa kubwa na zimeinama kila upande, kama mtu anayeandika amesimama mlangoni, anaitwa. Mwanzoni uliandika kwa mkono mzuri. Nimeweka barua mbili pamoja, na ni kama zimetoka kwa watu wawili.

Huenda mkikaa na wanaume kiwandani, mambo ya wake yanakuwa ya kitoto. Huenda waliicheka natto yangu. Kama waliicheka, niambie, nitacheka nao. Ila usininyamazie. Kunyamaziwa na mtu aliye mbali ni kubaya, maana siwezi kukutazama usoni nikajua.

Hata kama huna la kuandika, andika ulichokula.

Fusae

*

Musashi, 15 Januari 1958

Mke wangu,

Hujanikosea chochote. Usiwaze hivyo hata siku moja.

Nimekula wali na supu ya figili.

Jambo moja. Huenda vuli ijayo Mzee Kuramochi asiniite. Usiniulize sababu, na usimwambie Mama bado. Mlimani kuna miti, naweza kuchoma mkaa. Nitakuwa nyumbani majira yote ya baridi, sitaondoka tena.

Eikichi

*

Urasawa, 23 Januari 1958

Mume wangu, mume wangu, mume wangu!

Sikuulizi sababu! Sitauliza kamwe! Nimeisoma barua yako chooni ili Mama asinione, nikatoka nikacheza kwenye theluji kama mbwa aliyefunguliwa.

Majira yote ya baridi! Utapanda paa wewe, mimi nitashika ngazi na kukukaripia. Nitapaka mikono yako mafuta ikijaa masizi ya mkaa. Hakuna atakayekuja vuli kukuchukua. Unajua, wanawake wa hapa wamezeeka bila kuwajua waume zao wakati wa theluji? Kimi hajui kama Yahei hukoroma zaidi kukiwa na baridi. Mimi nitajua. Nitayajua yote ya kwako, ya miezi yote.

Ule msemo wa Mwalimu Nogiwa nimeukunja nimeuweka. Wautumie wengine.

Mkeo mwenye bahati kuliko wote hapa Urasawa,
Fusae

*

Urasawa, 1 Februari 1958

Eikichi,

Leo tulikuwa kwenye maji tunaosha mboga, mimi na Kimi na Mama. Kimi alikuwa amepata barua ya Yahei. Alikaa nayo kifuani muda wote, mwishowe ikamshinda.

"Mama Eikichi," akamwambia Mama, "usikasirike. Ni kweli mwanao kala natto?"

Mama aliachia figili ikaenda na maji. "Mwanangu? Mwanangu hawezi."

"Yahei kaandika hivyo. Wamekuta mabua yake kwenye majivu ya jiko. Alipoulizwa kasema kainunua sokoni mjini, tamaa ilimshika. Wametupa koji yote iliyokuwa chumbani, wakafua kila kitambaa, wakachemsha kila ubao. Katolewa humo ndani. Sasa anaosha mchele uani, kwenye maji ya barafu, mikono imempasuka hadi Yahei anamshikia vijiti vya kulia chakula."

Nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "Natto ina ubaya gani?"

Kimi akanikodolea macho. "Ah, wewe wa ng'ambo, hujui! Natto ina uhai wake, dada, tena mkali. Ukiingia chumba cha koji unaishinda koji, mchele wote unakuwa utelezi. Hapa hata mtoto mchanga anajua: baba akiondoka, natto haikanyagi nyumba hadi arudi. Kuitamka tu huwa tunaogopa."

Mama alichukua kikapu akatangulia hadi nyumbani. Akakaa mbele ya picha ya baba yako. "Kama mtoto mchoyo," akasema. "Alinunua akala kama mtoto mchoyo."

Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, Eikichi. Sikusema neno.

Kwa nini uliila? Ungeitupa! Na kwa nini ulisema uliinunua? Nijibu, tafadhali, na usiniambie habari za figili.

Fusae

*

Musashi, 9 Februari 1958

Mke wangu Fusae,

Niliposoma neno natto katika barua yako nilijua, kabla hata ya kuingiza mkono ndani ya soksi. Nilitoka nikaenda mbali, ng'ambo ya mto, nikiwa na nia ya kuitupa majini. Nikafungua mabua niione tu. Ulikuwa umeyafunga kwa uzi mwekundu, ule wa kimono yako ya harusi. Nikafikiri, nitakula punje moja. Baadaye niliosha mikono, mdomo, nywele, nikabadili nguo zote. Mabua niliyarudisha niyachome, kwa kuwa sikuweza kuyatupa majini, na hayakuungua vizuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilijua sheria, wewe hukuijua. Kosa ni langu.

Wote hapa ni watu wa Urasawa. Ningesema imetoka kwako, ungekuwa bibi harusi aliyetaka kuua pombe, na ungeitwa hivyo hadi wajukuu. Mimi waniite mchoyo, nitazoea.

Kwa hiyo nyamaza, Fusae. Ukinyamaza yataisha. Nitarudi, na sitaondoka tena, na si ndilo unalotaka? Mimi pia nalitaka.

Mikono inaanza kupona. Asubuhi mlango wa chumba cha koji ukifunguliwa, harufu hutoka hadi uani. Leo ilikuwa ya njugu kabisa. Sijui nani amegeuza mchele usiku, lakini ameugeuza vizuri. Nilisimama hapo kidogo na ndoo yangu.

Eikichi

*

Urasawa, 17 Februari 1958

Mheshimiwa Mzee Kuramochi,

Naomba radhi kukuandikia bila kujulishwa kwako. Mimi ni Fusae, mke wa Eikichi, niliyeletwa Urasawa vuli iliyopita kutoka ng'ambo ya mlima.

Ile natto ni yangu. Niliipika, nikaificha ndani ya soksi, nikamwambia aile peke yake. Sikujua sheria yenu. Yeye aliijua, akaila, na hilo siwezi kumtetea, ila sikubali aitwe mchoyo kwa ajili ya kulinda jina langu.

Mama mkwe nimemweleza kabla ya kukuandikia. Nilipiga magoti hadi paji la uso likagusa mkeka. Akaniuliza, "Uliificha wapi?" Nikasema ndani ya soksi. Akauliza tena, "Soksi nilizofuma mimi?" Nikasema ndiyo, ya kushoto. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Akasema, "Nilikufundisha hadi tunapoweka ufagio, hilo nikasahau. Nilidhani kila mtu huzaliwa analijua." Kisha akaniambia nichukue kalamu, kwa kuwa mimi nimesoma.

Mzee, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Ningeweza kunyamaza. Usipomwita tena, atakaa nyumbani kila majira ya baridi, na mimi hakuna ninachokitaka duniani kama hicho. Shuleni tulifundishwa kwamba kwa anayengoja, siku moja ni vuli elfu. Ni kweli, mwezi huu nimezihesabu. Barua yake ya kuniambia ninyamaze niliisoma kwa furaha, naona aibu kusema. Lakini mwishoni anaeleza harufu ya koji inayotoka mlangoni, na yeye amesimama nje na ndoo. Hakulalamika. Ni maneno machache tu. Siwezi kuishi na mtu aliyesimama nje ya mlango ule, hata akiwa kando yangu usiku na mchana.

Mpe adhabu yake, aimalize. Ila vuli ikifika, mwite.

Fusae

*

Kiwanda cha Hanabusa, Musashi
27 Februari 1958

Kwa mke wa Eikichi,

Mimi si mwandishi. Nitasema kwa ufupi.

Koji tuliyotupa ilikuwa nzuri. Iliniuma. Pombe nyingine imesalimika.

Mumeo alipotaja soko la mjini nilijua ananidanganya. Huko hawafungi mabua kwa uzi wa hariri. Nilingoja aseme kweli. Hakusema, na nikaona kwamba mtu anayeweza kunidanganya usoni siwezi kumwachia koji yangu usiku. Kwa hilo nilimtoa, zaidi ya natto. Natto mwenyewe naipenda. Nikirudi Urasawa mwezi wa tano, siku ya kwanza nakula bakuli mbili, mke wangu hukaa chumba kingine kwa harufu yake.

Jana nilimwita nikamwonyesha barua yako. Alitaka kusema kitu, akashindwa. Nikamwambia anyamaze, maana ametoka kwenye uongo juzi tu, asijichoshe. Ataosha mchele hadi mwisho wa msimu. Mbele ya wote nimesema natto haikununuliwa, na kwamba mke mgeni hakuambiwa sheria na sisi wenyeji tuliopaswa kumwambia. Yahei alianza kucheka. Anaosha mchele naye.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa yeye hawezi kunijibu sawasawa. Nikimwita vuli ijayo, si ya mara moja. Mikono kama ile huipati mara mbili. Nitamwita kila mwaka hadi mgongo wake ukatae, na watoto wako watamjua baba yao kuanzia machipuko hadi vuli tu. Fikiri vizuri. Ukisema aache, nitamwacha, na hakuna atakayejua ni wewe.

Kuramochi

*

Urasawa, 8 Machi 1958

Mume wangu mpenzi,

Nilikaa na barua ya Mzee Kuramochi tangu asubuhi. Nilipika nayo, nikafua nayo, nikapanda paa nayo. Mama hakuniuliza. Jioni nilishuka ngazi nikamjibu. Nimemwandikia: "Mwite." Chini yake nimeandika kwamba nimefikiri, asije akadhani nimekurupuka.

Kisha nimelia, usidhani sikulia. Mimi si mwanamke wa chuma. Vuli ikija nitakufungia mzigo na nitakuwa mbaya, nitakugombeza kwa mambo madogo, nitakuficha viatu. Univumilie. Mwaka unaofuata nitakuwa hivyo hivyo. Mama anasema yeye aliacha kulia mwaka wa saba, na Kimi anasema Mama ni mwongo.

Lakini hiyo ni vuli, na sasa ni Machi, msimu wenu wa kuosha mchele unakwisha. Kuna miezi yote ya katikati, Eikichi, na ni yangu. Kuna kupanda mpunga, kuna vyura, kuna usiku wa joto usiolalika. Sitaki kulala hata mmoja.

Wanasema treni zinakwama kwenye theluji karibu na handaki. Ikikwama, nitangoja. Nimeshazungumza na mkuu wa kituo, ameniruhusu kukaa karibu na jiko lake, na amenicheka, na sijali.

Barua hii usiijibu. Panda treni.

Mkeo,
Fusae